UZI: Safari ya kwenda kazini ni shida ya nani? Somo kutoka kwa vyama vya wafanyakazi wa ndege Marekani

1.
Kuna mjadala unaorudi kila msimu wa siasa na kila mara unaishia kwa kelele. Mfanyakazi anaishi mbali, anafika kazini amechoka au amechelewa. Kosa ni la nani? Upande mmoja unasema, "Si ungehamia karibu?" Upande wa pili unasema mwajiri na serikali wamejifanya hawaoni. Leo tuuangalie kupitia watu ambao "mbali" yao ni ya kupita kiasi: marubani na wahudumu wa ndege wa Marekani.

2.
Sheria za uzi huu mnazijua. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama cha siasa. Nikiandika "chama" hapa chini, namaanisha chama cha wafanyakazi. Twende.

3.
Kwanza tuelewe hali yenyewe. Kila rubani au mhudumu ana kituo chake, yaani uwanja ambapo zamu yake huanzia. Lakini Marekani si lazima aishi hapo. Kuna mtu anaishi Florida na kituo chake ni Newark, karibu na New York. Anapanda ndege kama abiria ili aende kuripoti kazini, halafu ndipo aanze kazi ya kurusha ndege. Ni kama uishi Kisumu na uripoti Mombasa, na wao umbali wao ni mkubwa kuliko huo.

4.
Utauliza, kwani hawawezi kubadilisha kazi? Jibu liko kwenye kitu kinachoitwa ukongwe kazini. Katika kampuni za ndege, karibu kila kitu hufuata tarehe uliyoajiriwa: ratiba, aina ya ndege, likizo, kituo, na hata mshahara. Ukihamia kampuni nyingine unaanzia mkiani mwa foleni, hata kama una miaka 20 angani. Kwa hivyo kampuni yako ikifunga kituo cha mji wako, huendi tu kubisha kwa jirani. Unabaki nayo, na unaanza kusafiri.

5.
Na vituo vilifungwa kweli. Mpaka 1978, serikali kupitia bodi iliyoitwa Civil Aeronautics Board ndiyo iliyoamua kampuni gani iruke wapi na kwa nauli gani. Oktoba 1978 ikapitishwa sheria ya kufungua soko. Tuseme ukweli: abiria wengi walinufaika, nauli zikashuka na watu wengi zaidi wakaanza kuruka. Lakini kampuni pia zikapata uhuru wa kuhamisha biashara zao zitakavyo. Pittsburgh ilipoteza hadhi ya kitovu mwaka 2004, Memphis 2013, Cleveland 2014.

6.
Nyuma ya kila tangazo kama hilo kuna watu wenye mkopo wa nyumba, watoto walio shuleni, na mke au mume mwenye kazi yake mjini hapo. Kwa hivyo mtu akikuambia "walichagua wenyewe kuishi mbali", muulize: wote? Wapo waliochagua, kwa sababu nyumba ni nafuu au wazazi wako huko. Wapo pia ambao hawakuhama popote. Kituo ndicho kilichowahama. Siasa hupenda kuchanganya makundi haya mawili kwenye gunia moja.

7.
Sasa wanafikaje kazini? Hapa kuna kitu kidogo chenye historia kubwa: kiti. Ndani ya chumba cha marubani huwa na kiti cha ziada cha kukunja, wanakiita jampsiti. Hukaliwa na wakaguzi wa serikali wakija kuangalia kazi. Lakini kiti kikiwa kitupu, rubani mwingine anaweza kuomba lifti. Anakwenda kwa nahodha, anajitambulisha, anaomba kwa heshima. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Hata kama karatasi zako ziko sawa, anaweza kusema hapana.

8.
Hebu fikiria mambo yalivyo. Kampuni hizi zinapigania abiria walewale. Lakini ndege pekee ya asubuhi inayoweza kukufikisha kwenye kituo chako inaweza kuwa ya mpinzani wa mwajiri wako. Maana yake ni kwamba hakuna chama cha kampuni moja kinachoweza kumaliza shida hii peke yake. Hata ukipata mkataba mtamu namna gani na bosi wako, bosi wako hamiliki kiti cha jirani.

9.
Na vyama vyenyewe havikuwa kitu kimoja. ALPA ya marubani iliundwa 1931 na ina wanachama katika kampuni nyingi, lakini marubani wa American walijitoa wakaunda chao, APA, mwaka 1963. Wahudumu walikuwa na historia ndefu ya kuwa chini ya kivuli cha marubani, mpaka AFA ikasimama kivyake 1973. Wahudumu wa American nao wakaunda APFA mwaka 1977. Wale wa Southwest wako chini ya TWU. Vyama tofauti, viongozi tofauti, na mara nyingine wanagombania wanachama.

10.
Pamoja na hayo, kwenye suala la kiti walilazimika kuongea. Kampuni ziliwekeana makubaliano ya kubebeana wafanyakazi, na kwa upande wa marubani, vyama vikaweka kamati za kusimamia mambo: nani apewe kiti kwanza, malalamiko yaende wapi, na adabu ni ipi ukiwa mgeni kwenye ndege ya wenyewe. Haya mambo hayaonekani kwenye habari, lakini ndiyo yanayomfikisha mtu kazini Jumatatu.

11.
Usidhani ilikuwa ni undugu mtupu. Mwaka 1983 kampuni ya Continental iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, ikatupilia mbali mikataba yake na vyama na kukata mishahara. Marubani wakagoma. Wako waliovuka mstari wakaendelea kuruka, na hao walikuja kukuta manahodha wa kampuni nyingine wakiwanyima kiti, wengine kwa miaka mingi. Umoja uliofungua mlango ndio huohuo uliofunga. Ukiwa unaunga mkono vyama, hili pia ulikumbuke.

12.
Halafu kukawa na suala la usalama. Desemba 7, 1987, mfanyakazi aliyekuwa amefutwa kazi alitumia kitambulisho ambacho hakikuwa kimechukuliwa, akaingia na bunduki kwenye ndege ya PSA huko California. Watu 43 walikufa. Aprili 7, 1994, mfanyakazi wa FedEx aliyepanda ndege ya kampuni yake kwa lifti aliwashambulia marubani kwa nyundo. Walijeruhiwa vibaya lakini waliweza kutua Memphis. Baada ya Septemba 11, 2001, mlango wa chumba cha marubani ukafungwa kabisa kwa marubani wa kampuni nyingine.

13.
Hapa vyama vingeweza kupiga kelele tu: "Turudishieni kiti chetu!" Lakini hoja ya usalama ilikuwa ya kweli, na wao ndio wangekufa wa kwanza. Kwa hivyo walisukuma kitu kingine: mfumo wa kompyuta uitwao CASS. Wakala wa geti anaingiza taarifa zako, na papo hapo anaona picha yako na kama bado umeajiriwa na una cheti halali. Tazama vizuri: hilo ni jibu la moja kwa moja kwa tundu lililotumika 1987, kitambulisho cha mtu aliyefutwa. Katika miaka iliyofuata, kiti kikarudi.

14.
Mwaka 2011 ukaja mpango wa Known Crewmember, wa kuwapitisha wafanyakazi wa ndege kwenye ukaguzi kwa haraka baada ya kuthibitishwa. Waliouendesha ni ALPA pamoja na muungano wa kampuni za ndege, chini ya mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA. Watu wanaokabana koo kwenye meza ya mishahara wakakaa upande mmoja. Lakini mwanzoni ulikuwa wa marubani tu. Wahudumu waliingizwa baadaye, baada ya vyama vyao kudai. Shika hiyo, tutairudia.

15.
Upande wa mikataba nako kulikuwa na vita vya kimyakimya. Ndege ikijaa, au mvua ya theluji ikifunga uwanja, wewe uliyekuwa unasubiri nafasi unaachwa. Zamu imekupita. Je, uadhibiwe kama mtu aliyelala nyumbani? Vyama vikapigania kipengele cha kumlinda anayeishi mbali. Maneno yanatofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini wazo ni hili: ukionyesha ulipanga safari kwa busara, mara nyingi kwa kuwa na ndege mbili ambazo zingekufikisha kwa wakati, na ukapiga simu mapema, hutaandikiwa kosa.

16.
Angalia uzuri wa hicho kipengele. Hakisemi mfanyakazi hana wajibu. Kinasema wajibu wako ni kujaribu kwa dhati na kutoa taarifa, ila hali ya hewa si kosa lako. Vyama vingine vikaomba zamu zinazoanza mchana siku ya kwanza na kuisha mapema siku ya mwisho, ili mtu afike na arudi bila kulala njiani. Na kampuni moja ikikubali jambo, chama cha jirani kinaenda mezani na swali rahisi: "Wenzetu wanayo, sisi tumekosa nini?" Hivyo ndivyo haki ndogo inavyosambaa.

17.
Wanaoumia zaidi ni wapya. Mtu mpya mara nyingi huwekwa kwenye akiba: anakaa akisubiri simu, na ikilia anatakiwa uwanjani baada ya muda mfupi. Huwezi kusubiri simu hiyo ukiwa mji mwingine. Kwa hivyo wanakodi nyumba kwa pamoja karibu na uwanja, vitanda vya ghorofa, watu wengi chumba kimoja. Mtaa wa Kew Gardens huko Queens, New York, ulijaa wafanyakazi wa ndege mpaka ukabandikwa jina la utani, Crew Gardens. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, kodi ya New York si mchezo.

18.
Na hapa ndipo habari inakuwa nzito. Februari 12, 2009, ndege ya kampuni ya Colgan ilitoka Newark kwenda Buffalo usiku. Ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo. Watu wote 49 ndani ya ndege na mtu 1 aliyekuwa kwenye nyumba walikufa. Uchunguzi ukatoa habari iliyoshtua umma: rubani msaidizi alikuwa ametoka Seattle, upande wa pili wa nchi, kwa kulala ndani ya ndege mbili za mizigo usiku kucha kupitia Memphis, akafika Newark asubuhi. Nahodha naye alikuwa akiishi Florida.

19.
Tafadhali tusiseme zaidi ya ripoti. Bodi ya kuchunguza ajali, NTSB, ilisema chanzo ni jinsi nahodha alivyoitikia vibaya onyo la kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Kuhusu uchovu, ilisema huenda uliathiri utendaji wao, lakini haikuwezekana kupima ni kwa kiasi gani. Ila ilitoa takwimu moja ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza: kati ya marubani 137 wa Colgan wenye kituo Newark, 93 walikuwa wakiishi mbali na kutegemea safari ya kuja kazini. Hiyo ni asilimia 68.

20.
Ukiona asilimia 68, huwezi tena kusema ni tabia mbaya ya watu wawili. Huo ni mfumo. Lakini mjadala wa kisiasa ulienda haraka kwenye suluhisho rahisi: piga marufuku, au weka kikomo cha umbali. Wengine walisema wazi kwamba mtu akichagua kuishi Florida, abiria hapaswi kubeba hatari ya chaguo lake.

21.
Vyama vikajikuta pagumu. Wakisema "hayo ni maisha yetu ya binafsi", familia za watu 50 ziko hapo mbele yao, na zina haki ya kukasirika. Wakikubali marufuku, maelfu ya wanachama waliofungiwa vituo wanapoteza kazi au nyumba. Hoja yao ikawa kwamba umbali na uchovu si kitu kimoja. Aliyeruka jana yake akalala hotelini anaweza kuwa mzima kuliko anayeishi mji huohuo lakini amelala saa 3. Kinachohitaji sheria ni usingizi, si anwani.

22.
Sheria ya Agosti 2010 iliagiza utafiti. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa National Academies ikatoa ripoti: ushahidi uliopo hautoshi kuweka kikomo cha umbali. Lakini haikuwaachilia marubani hivihivi. Iliwashauri wapange safari zao ili mpaka mwisho wa zamu wasiwe wamekaa macho zaidi ya takriban saa 16, na wajitahidi kulala angalau saa 6 kabla ya kuripoti. Yaani safari ni yako, basi ipange kama mtu anayebeba roho za watu.

23.
Januari 2014 zikaanza kanuni mpya za marubani wa ndege za abiria: mapumziko ya angalau saa 10 kati ya zamu, yenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa, na rubani kuthibitisha kabla ya safari kwamba yuko sawa kuruka. Safari ya kutoka nyumbani haikuhesabiwa kuwa kazi. Na ndege za mizigo ziliachwa nje. Chama cha marubani wa UPS kilienda kortini kupinga hilo na hakikufaulu. Kumbuka ni ndege za mizigo zilizombeba yule rubani msaidizi kutoka Seattle.

24.
Na wahudumu? Sasa turudi pale nilipowaambia mshike. Mhudumu ndiye anayewatoa abiria ndege ikiwaka moto, lakini kanuni za 2014 hazikumgusa. Yeye aliendelea na mapumziko ya saa 9, ambayo kampuni ingeweza kupunguza hadi 8. Hapo toa muda wa kufika hotelini, kuoga, kula na kurudi, ubakiwe na usingizi gani? Vyama vya wahudumu wa kampuni tofauti vikabeba ujumbe mmoja kwa miaka: saa 10, kama marubani.

25.
Oktoba 2018 sheria ikapitishwa kuwapa saa 10. Iliipa mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, siku 30 kuandika kanuni. Kanuni ilitoka lini? Oktoba 2022. Siku 30 zikawa miaka 4. Mtu akikuambia "sheria imepita, shida imeisha", mpe mfano huu. Sheria ikipita ndipo kazi ya chama inaanza upya, kufuatilia karatasi ofisi kwa ofisi.

26.
Sasa kwa nini hii inatuhusu Kenya? Kwa sababu swali la nani abebe mzigo wa umbali si geni kwetu. Mombasa 1939 vibarua waligoma, gharama ya makao ikiwa kati ya malalamiko makubwa, na waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa, kazini au karibu na kazi, au amlipe pesa za kutosha kodi, isipokuwa mkataba umeshajumlisha hayo kwenye mshahara. Soma tena: karibu na kazi. Umbali uko ndani ya sheria yetu tayari.

27.
Pia kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, 2007. Ukisafirishwa kwa gari ambalo mwajiri ameweka maalum kubeba wafanyakazi na linaendeshwa na yeye au mfanyakazi wake, safari hiyo inahesabiwa kuwa kazini. Ukipanda matatu yako mwenyewe kutoka Rongai, hiyo ni juu yako. Na kwenye payslip ya mwalimu kuna marupurupu ya usafiri. Kwa hivyo anayesema "safari ya kwenda kazini ni jambo la kibinafsi" anapingana na sheria na payslip za nchi hii.

28.
Mimi nachukua mambo matatu kwenye historia hii. Moja: shida inayovuka mipaka ya mwajiri mmoja haitatuliwi na chama cha mwajiri mmoja. Mbili: vyama vilishinda pale vilipokubali nusu ya hoja ya wapinzani. Usalama ni kweli, uchovu ni kweli, kisha wakaleta jibu bora kuliko marufuku. Tatu: umoja una ngazi. Marubani walipata mapema, wahudumu wakangoja, wapya bado wanabanana kwenye vitanda vya Queens. Anayesema "wafanyakazi wameshinda" aulizwe ni wafanyakazi gani.

29.
Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini kugoma ni sehemu tu. Mengi niliyoandika hapa yalipatikana kwa kamati, kwa vipengele vya mkataba, na kwa watu waliokaa meza moja na wenzao wa kampuni pinzani wakajadili nani akae kiti gani.

30.
Kwa hivyo msimu huu, mtu akipanda jukwaani aseme wafanyakazi wanaoishi mbali wajitegemee, au aseme atawaletea kila kitu bure, muulize maswali mawili. Umbali huu ulitengenezwa na nani? Na katika mpango wako, saa za usingizi za mfanyakazi zinalindwa na kifungu gani? Akijibu, mrudishe hapa tumjadili. Wewe unatumia saa ngapi njiani kila siku, na nani anazilipia? Andika hapo chini.